Mengineyo

Mimi ndiye ninayeandika.
Daftari ni la kijiji, kalamu ni yangu,
na kiti changu kiko pembeni, chini ya dirisha
lililozibwa kwa boksi la sabuni.

Agenda ya kwanza: kufungua kikao.
Ya pili: yatokanayo.
Ya tatu: barabara ya kushukia Kiboriloni.
Ya nne, barabara tena.
Ya tano: mfereji, nani kafungulia maji usiku.
Ya sita: mbwa wa Ndetaulwa.
Ya saba: mengineyo.

Sisi wanawake wa Mbokomu makazi yetu ni hapo,
kwenye mengineyo.
Ikifika zamu yetu ukungu umeshashuka migombani,
ng'ombe wanalilia majani bandani,
na wanaume wanapapasa chini ya mabenchi
wakitafuta kofia zao.

Hapo ndipo Aikande husimama.
Zahanati haina pazia, husema.
Nilijifungua dirisha likiwa wazi,
vijana wa bodaboda wanapiga soga chini yake,
nikang'ata kanga nisisikike.
Nesi aliishika simu kwa meno
ili mikono yake miwili
ipate mwanga.

Mwenyekiti husema, tumekusikia, mama.
Nami huandika:
Mjumbe mmoja aliongelea zahanati.

Mjumbe mmoja.
Usiku mzima wa mwanamke
nimeukamua, ukatoka mstari.

Siku moja Ndealilia alisema habari ya choo.
Mlango upo, alisema, na komeo lipo,
ila komeo liko nje.
Kwani anayefungiwa ni nani, mbuzi?
Watu wakacheka. Nikaandika: kicheko.
Halafu nikakifuta.

Sikatai, barabara nayo ni yetu.
Mwaka ule wa mvua nyingi, dada yangu Nsiande
alishushwa kwa ngazi iliyotandikwa mablanketi,
wanaume wanane, matope hadi magotini,
na Mungu awabariki, hawakumwangusha.
Alifika Moshi yu hai. Mtoto hakufika.
Wiki ile ile nilikaa dirishani pangu nikaandika
barabara, barabara, mfereji, mbwa,
na mwandiko wangu ulinyooka.
Nimeurudia kuusoma.
Umenyooka kabisa.

Basi mwezi wa tano niliandaa agenda
kama ninavyoandaa siku zote,
ila nilianzia chini.
Kwanza: mengineyo.
Nikatoa nakala kumi na mbili dukani kwa Kiwelu,
nikazigonga muhuri moja moja.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua, akaivaa.
Katibu, hapa umekosea.
Sijakosea, mwenyekiti.
Akaugusa muhuri kwa kidole, wino haujakauka vizuri.
Na karatasi yenye muhuri, kwetu huku,
hata mchungaji haibishii.

Aikande alisimama jua likiwa bado juu.
Hakujua aanze vipi, maana hakuwahi kupewa muda.
Alikohoa. Akaanza na kanga.
Hakuna aliyeondoka, barabara ilikuwa ya mwisho,
kofia zimetulia magotini.
Niliandika pazia, komeo, simu, meno.
Niliandika Nsiande, kwa jina lake.
Kurasa sita, na mkono, safari hii,
ulinitetemeka hadi Ndealilia akanishikia daftari.

Komeo tulinunua elfu mbili mia tano.
Limefungwa kwa ndani.
Pazia ni shuka la mtumba
lenye picha za magari madogo ya kitoto,
na wanaojifungua husema wameyahesabu yote,
ni arobaini na moja.
Kuhusu umeme, barua imekwenda wilayani.
Barua ya pili imekwenda kuulizia ya kwanza.

Barabara haikufikiwa siku hiyo.
Ndetaulwa alinuna, mbwa wake hakujadiliwa.

Kikao kijacho nimerudisha mpangilio wa zamani,
mwenyekiti kafurahi,
hakuona kwamba tumeshahama.
Tuko juu sasa, agenda ya pili,
kwenye yatokanayo,
na kila mwezi nalazimika kusoma kwa sauti,
kabla ya barabara, kabla ya mfereji:
nesi bado anashika simu kwa meno.